Maua yanayojiotea yenyewe: jinsi ya kuyatambua yakiwa bado miche na kuyafanya yarudi kila msimu

Kila vuli ikianza kunyesha napata maswali yaleyale. Jirani anasimama getini anauliza mbegu nimenunua wapi, wifi yangu ananitumia picha ya mche wenye majani mawili anauliza hii niing'oe au niiache, mwingine analalamika kwamba mwaka jana alipanda zinia zikapendeza sana halafu zikafa na hazikurudi tena. Nimeona niandike yote mahali pamoja, nikiulizwa tena nitamwambia mtu asome hapa.

Jibu la swali la kwanza ni kwamba mbegu sijanunua. Bustani yangu hapa Morogoro ina miaka sita na pakiti nilizonunua ni za mwaka wa kwanza tu, tangu hapo maua yanaangusha mbegu yenyewe, kiangazi kinapita, mvua ikishuka yanaota. Na wewe ambaye zako hazikurudi, mara nyingi zilirudi ila ulizifagia.

Sisemi hivyo kwa kukulaumu maana wengi tumelelewa hivyo, uwanja msafi ni ule uliofagiliwa mpaka alama za chelewa zinaonekana mchangani. Lakini ule ufagio unapita juu ya mbegu zilizoanguka unazipeleka jalalani, na zile zilizobaki zikiota, mche wa siku tano haustahimili hata pigo moja la chelewa. Mwaka wa pili nilisafiri kabla ya masika nikamwacha kijana anisafishie uwanja, akafanya kazi nzuri kweli, akalima kila kitu hadi ukutani, niliporudi hakukuwa na mche hata mmoja. Hakukosea yeye, mimi ndo sikumwonyesha kipi ni ua na kipi ni gugu. Kwa hiyo mwongozo huu nusu yake ni kupanda na nusu yake ni kujua kuangalia.

Ni maua gani haya

Ni maua ya msimu mmoja, yaani yanaota, yanachanua, yanatoa mbegu na kufa, mengi ndani ya miezi minne mpaka sita. Hapa kwetu yanayojiotea vizuri bila kubembelezwa ni haya:

- Zinia, yale yenye rangi kali, nyekundu, pinki, machungwa, na majani yanayokwaruza.
- Kosmosi. Ziko mbili, ya njano na machungwa inayovumilia joto, na ya pinki na nyeupe yenye majani membamba kama shamari ambayo inapenda ubaridi, hiyo ukiwa Arusha, Lushoto au Nairobi utaifurahia zaidi kuliko mtu wa Dar.
- Marigoldi, ile fupi na ile ndefu yenye maua makubwa kama mpira.
- Selosia, zile zenye kilemba kama cha jogoo au kama mwali wa moto.
- Balsamu, lenye shina la majimaji na vitunda vinavyopasuka ukivigusa.
- Potulaka, linalotambaa, lina majani manene kama punje za mchele, linafunguka jua likiwaka na kujifunga jioni.
- Gomfrena, wengine wanaita vifungo kwa sababu ya yale maua ya mviringo makavumakavu.
- Maua ya saa kumi. Hayo yanafunguka jioni ikikaribia saa kumi na yananukia usiku. Kusema kweli hili si la msimu mmoja kwetu, lina kiazi chini na linachipua tena, ila linajiotea kwa mbegu kuliko yote kwa hiyo naliweka humu.

Nadharia ni kidogo tu. Zinia, kosmosi na marigoldi asili yake ni Meksiko, sehemu zenye kiangazi kirefu halafu mvua, ndo maana mbegu zake zinaweza kulala kwenye udongo mkavu miezi mitatu minne zikisubiri. Kiangazi chetu haziogopi hata kidogo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Havina gharama kubwa. Mbegu za mara ya kwanza, za kununua au za kuomba kwa mtu (za kuomba ni bora, maana hizo tayari zimeizoea hali ya hewa ya hapo). Ukinunua soma pakiti, kama imeandikwa F1 hiyo ni chotara, itachanua vizuri msimu wa kwanza lakini watoto wake hawatafanana na mama, na marigoldi nyingine za chotara hazitoi mbegu kabisa. Chukua mbegu za kawaida.

Halafu uwe na samadi iliyooza vizuri au mboji, ndoo moja kwa kila mita moja ya mraba inatosha. Reki, kijembe kidogo cha mkono, chupa ya maji ya lita moja na nusu uliyotoboa kifuniko chake kwa sindano ya moto iwe inamwaga kama mvua, vijiti vya mishikaki vya kuwekea alama, bahasha za karatasi, kalamu, na mawe au matofali ya kuzungushia. Na glavu, nitakuambia kwa nini huko mbele.

Hatua kwa hatua

1. Chagua sehemu na uweke mpaka unaoonekana. Sehemu ipate jua angalau saa sita kwa siku, isipokuwa balsamu ambalo linapenda kivuli cha mchana. Anza na mita mbili kwa moja tu. Zungushia mawe au matofali, au chupa zilizozikwa kichwa chini, chochote ambacho mtu mwenye ufagio ataona kwamba hapa ndani haingii. Mpaka huu sio urembo, ni ulinzi, na kila mtu wa nyumbani anayefagia aambiwe kwa mdomo. Watoto pia waambie, watoto ndo walinzi wazuri kuliko wote, wangu wananiitia "mama, kuku!" kabla mimi sijaona.

2. Lima mara moja na usirudie. Chimba udongo kina cha kiganja, toa mizizi ya ukoka na ya ndago (ndago usipoitoa na vile vikokwa vyake utajuta), changanya samadi, sawazisha kwa reki. Pwani kwenye mchanga mtupu ongeza mboji zaidi ili maji yasipotee, kwenye mfinyanzi inua tuta kidogo maji yasituame. Usizidishe samadi, hasa kwa kosmosi. Udongo ukiwa na mbolea nyingi kosmosi inarefuka kupita kimo chako, majani tele, maua mawili, upepo ukija inalala.

3. Panda mwanzoni mwa mvua. Kwa mikoa yenye misimu miwili ni Machi au Oktoba na Novemba, kwa Dodoma, Iringa na kwingine kwenye mvua moja subiri Desemba. Usipande mvua ya kwanza kabisa ya kudanganya, ngoja udongo ulowe mpaka ndani. Mbegu za zinia, kosmosi, marigoldi na gomfrena zifunike kwa udongo wa nusu sentimita. Za balsamu zinyunyizie tu udongo kidogo juu. Za selosia na potulaka ni ndogo kama vumbi, hizo usizifukie, zichanganye na mchanga mkavu kiganja kimoja, nyunyiza, bonyeza kwa kiganja zishikane na udongo basi, zinahitaji mwanga ili ziote. Hapa ndipo wengi wanapoteza mbegu, wanafukia selosia sentimita mbili halafu wanasema duka limewauzia mbegu mbovu. Za saa kumi ni kubwa na ngumu kama pilipili manga, loweka usiku kucha halafu fukia sentimita moja na nusu.

Weka kijiti cha mshikaki kila mahali ulipopanda.

4. Mwagilia kwa upole. Kama mvua haijanyesha, asubuhi kwa ile chupa yenye matundu, udongo wa juu usikauke mpaka miche itokeze. Ukimwaga kwa jagi mbegu zote zinakusanyika kona moja. Zinia zinatoka siku ya nne mpaka ya saba, marigoldi hivyohivyo, kosmosi mpaka siku kumi, zilizobaki zinaweza kuchukua wiki mbili.

5. Jifunze sura za miche. Hapa tulia nami, hii ndo hatua yenyewe, ukiielewa hii mengine ni rahisi.

Mche ukitoka unakuwa na majani mawili ya kwanza ambayo ni ya mbegu, hayo hayafanani na majani ya ua lenyewe. Usiamue kitu kwa majani hayo peke yake. Subiri yaje majani mawili mengine au manne, hapo ndo mche unaonyesha kabila lake. Inachukua kama wiki mbili tatu. Chuchumaa, mwangalie mmojammoja, mguse, mnuse.

*Zinia* ina majani ya mbegu mapana ya duara la yai, shina nene kidogo, halafu majani ya kweli yanakuja mawilimawili yakitazamana, hayana kikonyo, yameng'ang'ania shina moja kwa moja. Pitisha kidole, yanakwaruza kama msasa laini. Ukishaigusa mara moja hutaisahau.

*Kosmosi* ina majani ya mbegu marefu membamba, na majani ya kweli yamechanwachanwa. Ya pinki yanakuwa kama nyuzi kabisa.

*Marigoldi* ukikata jani dogo ukalisugua kati ya vidole linatoa harufu kali, hakuna mche mwingine bustanini unaonuka hivyo zaidi ya ndugu yake wa porini, ile marigoldi pori ndefu yenye vijiua vidogo vya njano iliyofifia ambayo wakulima wa nyanda za juu wanaijua. Ile ya porini inapanda juu moja kwa moja na majani yake ni membamba zaidi. Ya bustani inajaza, matawi yanaanza chini, na mara nyingi shina lina wekundu.

*Balsamu* ina majani ya mbegu manene ya mviringo yenye kakijipengo kadogo kwenye ncha, na shina ni kama lina maji ndani, ukilielekeza kwenye jua karibu linaona upande wa pili. Majani ya kweli ni marefu yenye meno pembeni.

*Maua ya saa kumi* yana majani ya mbegu makubwa ya kushangaza, mapana kama sarafu ya shilingi mia mbili, huwezi kukosea.

*Potulaka* likiwa dogo linafanana sana na lile gugu lake la majani manene linalotambaa kwenye matuta ya mboga. Subiri. Gugu majani yake ni bapa kama kijiko, ua majani yake ni ya mviringo kama sindano nene.

*Selosia* ndo mtihani. Ni ukoo mmoja na mchicha na mbegu zake ni nyeusi zinazong'aa vilevile, na miche ikitoka hata mimi siwezi kuapa. Ninachofanya naiacha yote mpaka ifike majani sita. Mchicha unakuwa na kikonyo kirefu na ncha ya jani ina kakipengo, selosia jani lake ni kama mkuki, linapungua taratibu kuelekea shinani. Nikikuta ni mchicha sio hasara, naung'oa naupeleka jikoni.

Sasa magugu mawili yanayowadanganya watu kila mwaka. La kwanza ni kishonanguo, ndugu wa karibu wa kosmosi, majani ya mbegu yanafanana kabisa. Tofauti inakuja baadaye, majani ya kishonanguo yanagawanyika vipande vitatu au vitano vipana vyenye meno ya msumeno, na shina lina pembe nne ukilizungusha kwa vidole. Ling'oe kabla halijatoa zile mbegu za kunasa kwenye nguo, maana likiangusha mara moja una kazi ya misimu kadhaa.

La pili ni gugu karoti, na hili nalisema kwa msisitizo maana limesambaa sana Arusha na sehemu nyingine, nimeona watu wamelitunza wakidhani ni ua. Likiwa dogo linatandaza majani chini kama sahani iliyolala, majani yamechanwa yana rangi ya kijani cha kijivu na vinyweleo. Kosmosi haitandazi hivyo hata siku moja, yenyewe inasimama tangu mwanzo na majani yake yanatazamana mawilimawili. Gugu karoti linawasha ngozi na kuwaletea watu pumu na mafua ya mzio, ndo kazi ya zile glavu. Ling'oe na mzizi wake kabla halijatoa vijiua vyeupe, litie kwenye mfuko, usiwarushie mbuzi.

Njia rahisi ya kujifunza haya yote: msimu wa kwanza piga picha miche yako kila siku tatu ukiwa unajua ulipanda nini wapi (ndo kazi ya vile vijiti). Msimu wa pili ambapo yanaota popote yanapotaka utakuwa na picha za kulinganisha, tena za udongo wako mwenyewe.

6. Punguza miche, na inayozidi hamisha. Hili watu hawapendi kulifanya, wanaona huruma. Ikijiotea inaota hamsini mahali pa mitano, ukiiacha yote inakuwa dhaifu na magonjwa yanaingia. Zinia ziachane sentimita 25 hadi 30, kosmosi 30 hadi 40, marigoldi fupi na selosia 20 hadi 25, potulaka 15. Hamisha mche ukiwa na majani manne mpaka sita, jioni au siku ya mawingu, mwagilia kwanza, chota na udongo wake kwa kijiko cha chakula. Zinia na kosmosi hazipendi kusumbuliwa mizizi, zihamishe zikiwa bado ndogo au usizihamishe. Marigoldi na balsamu yanahama bila shida. Miche ya ziada gawa kwa jirani.

7. Bana ncha. Zinia, kosmosi na marigoldi ndefu zikifika kimo cha shubiri moja, kata ncha ya juu kwa kucha. Inauma kidogo kuona lakini baada ya wiki mbili shina moja linakuwa manne. Selosia ya kilemba usiibane, utakosa kile kilemba kikubwa cha katikati.

8. Kata maua yaliyochakaa, lakini sio yote na sio mpaka mwisho. Miezi ya kwanza kata, mmea unaendelea kuchanua. Ila ukiendelea kukata mpaka mwisho hakuna mbegu itakayoanguka, na hii ni sababu ya pili ya maua kutorudi, hasa kwa watu wasafi sana. Mimi nachagua mapema mimea mitano sita mizuri, yenye rangi ninayoipenda na isiyougua, naifunga kipande cha uzi mwekundu shinani. Hiyo haiguswi. Ile ya rangi iliyofifia ndo nakata kabla haijatoa mbegu.

9. Acha mbegu zikomae, na uweke akiba kidogo. Ua likikauka likawa la kahawia mpaka kikonyo, mbegu ziko tayari. Zinia vuta petali moja iliyokauka, inatoka na mbegu bapa kama ncha ya mshale. Marigoldi shika ule mkia, utatoa fungu la vijiti vyeusi vyenye mkia mweupe. Kosmosi ni vijiti vyembamba vyeusi vilivyopinda. Selosia inamisha kichwa juu ya karatasi utikise, mbegu zinamwagika kama baruti. Za saa kumi ziko wazi kabisa, nyeusi, moja moja, zimekaa juu ya kikombe chake. Balsamu ndo linahitaji ujanja, kitunda kikinenepa na kuanza kuwa cha njano kikingie kiganja chote ndipo ukibonyeze, kinajikunja ghafla ndani ya mkono wako kama mdudu aliyeshtuka na mbegu za kahawia zinabaki kiganjani. Mwanangu wa mwisho anaweza kukaa hapo saa nzima, na ndiye aliyenisambazia balsamu mpaka nyuma ya tanki la maji.

Theluthi mbili acha zianguke zenyewe. Theluthi moja vuna mchana wa jua, anika kivulini wiki moja, tia kwenye bahasha ya karatasi, andika jina na mwezi, hifadhi pakavu mbali na jiko. Usitumie mfuko wa nailoni, unyevunyevu unabaki ndani mbegu zinaota ukungu. Akiba hii ni kwa sababu kuna miaka mvua inakuja vibaya, miche yote inaota halafu jua la wiki mbili linaikausha, bila akiba unaanza upya.

10. Kiangazi usilime na usifagie ndani ya mpaka. Mimea iliyokufa ikate usawa wa ardhi, usiing'oe, mizizi ioze humohumo. Itikise hapohapo ndo uipeleke kwenye mboji. Ardhi itaonekana mbaya miezi miwili mitatu, vumilia. Majani makavu machache juu sawa, lakini usitandaze nyasi nene, mbegu ndogo hazitapenya.

11. Mvua ya kwanza ikinyesha, weka jembe mbali wiki tatu. Kwaruza tu juu kwa reki mara moja kabla ya mvua. Halafu subiri. Ng'oa unachokijua kwa hakika ni gugu, usichokijua kiache mpaka kionyeshe jani la tatu. Hapo rudi hatua ya 5 na ya 6, na mzunguko umeanza wenyewe.

Tahadhari chache

Mbegu na kiazi cha maua ya saa kumi ni sumu, na zile mbegu zinaonekana kama pilipili manga kweli, watoto wadogo wasiachwe nazo. Vinka pia, lile la pinki na jeupe lenye petali tano asili yake Madagaska, linajiotea sana hata kwenye nyufa za saruji, ni zuri lakini ni sumu kuliwa, na kwa vile kwenye majani yake hutolewa dawa za saratani kuna watu wanachemsha wenyewe nyumbani, tafadhali usifanye hivyo, dawa ile inatolewa kiwandani na kupimwa kwa umakini mkubwa.

Masalia ya bustani usiyamwage korongoni wala kando ya mto. Mimea inayojiotea kwako itajiotea na huko, na huko hakuna wa kuipunguza.

Matatizo na majibu

*Miche imetoka vizuri halafu inaanguka, shina limesinyaa pale chini.* Hiyo ni kinyausi. Imebanana na udongo una maji mengi. Punguza miche, mwagilia asubuhi sio jioni, iliyougua ng'oa. Kwenye tuta hilo msimu ujao ongeza mchanga.

*Majani ya zinia yamekuwa na unga mweupe.* Ubwiri unga, unakuja sana mwisho wa mvua kunapokuwa na joto mchana na ubaridi usiku. Kata majani ya chini, acha nafasi ya upepo, maji yamwage shinani sio juu ya majani. Ukija wakati mbegu zimekaribia kukomaa wala usihangaike, mmea unamaliza safari yake. Ila usivune akiba kwenye mmea ulioanza kuugua mapema, vuna kwa ule uliobaki safi.

*Miche inakatwa usiku, asubuhi nakuta vishina tu.* Toka na tochi saa tatu usiku uone mwenyewe. Konokono wafuate kwa mkono, sota (kiwavi anayekata miche) yuko chini ya udongo karibu na shina lililokatwa, chimbua kwa kidole utamkuta amejikunja. Majivu kuzunguka miche yanasaidia mpaka mvua inyeshe, kisha unaweka tena.

*Kuku.* Tandaza matawi ya miiba juu ya tuta wiki tatu za mwanzo. Nimejaribu mengine yote, hili ndo linafanya kazi.

*Vidukari kwenye ncha changa.* Wapukute kwa maji, au maji ya sabuni ya kipande, kidogo tu, jioni.

*Zinia zangu zilikuwa za petali nyingi na za rangi zote, sasa zinarudi za petali chache na nyingi ni pinki.* Nyuki na vipepeo wamechanganya chavua. Ni kawaida, kila kizazi kinarudi kidogo kwenye asili. Ndo maana ya ule uzi mwekundu, ukiwa unachagua kila msimu na kukata zile usizozitaka mapema utarudisha rangi. Kama unataka rangi moja tu, baki na hiyo moja, nyingine mpe mtu anayekaa mbali.

*Majani mengi hakuna maua.* Kivuli, au samadi imezidi. Acha kuongeza chochote, bana ncha, subiri.

*Nakaa nyumba ya kupanga, uwanja una saruji tupu.* Potulaka na marigoldi fupi kwenye ndoo au beseni lililopasuka, toboa chini, yanajiotea humohumo ndani ya ndoo. Na chini ya ndoo pia, kwenye ufa wa saruji pale maji yanapotiririkia. Mwezi uliopita nimekuta potulaka moja la machungwa limechanua kwenye ufa wa ngazi ya mlango wa jikoni, upana wake kama uzi wa kiatu, na kila anayefagia nyumbani kwetu sasa hivi anainua ufagio akifika pale.